Bwana Misitu Anajibu: Kwa Nini Miti Huishia Njiani Mlimani

Barua za mwezi huu zimetoka Masasi, Lindi, Mtwara mjini, Nachingwea na Newala, na ingawa walioziandika hawajuani, wote wameuliza juu ya jambo moja: hali ya hewa inaufanya nini mti unaoota mahali palipoinuka. Ni jambo la kushangaza kidogo kwetu sisi wa kusini, ambao milima tuliyoizoea ni ile ya mawe iliyosimama nyuma ya mji wa Masasi. Hata hivyo nimefurahi, kwa sababu majibu yake yanamgusa pia mwenye mninga na mvule wa huku kwetu. Barua nimezifupisha, maswali yamebaki kama yalivyoulizwa.

Bwana Misitu, salaam. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari wilayani Masasi. Tuliwapeleka wanafunzi Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hadi kituo cha Horombo. Waliona kwamba msitu mkubwa uliisha muda mfupi baada ya kupita kituo cha Mandara, ikafuata miti mifupi yenye ndevu, halafu vichaka, halafu nyasi. Mmoja alisema hewa ya huko ni haba, mwingine akasema ni upepo, wa tatu akalaumu udongo. Mimi niliwaambia ni baridi. Ndipo binti mmoja akauliza: kama ni baridi, mbona nyasi na maua vinaota juu kuliko miti? Naomba unisaidie kumjibu.

Mwalimu, binti huyo anastahili zawadi, maana swali lake limewahangaisha wataalamu wa mimea kwa muda mrefu. Tuyaondoe kwanza yale yasiyohusika sana.

Katika kimo cha mita 4,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 60 tu ya ule wa ufukweni Mtwara, na ni kweli kwamba jani la huko juu hupata kabonidayoksaidi iliyopungua kwa kiasi hicho. Lakini gesi husambaa upesi zaidi katika hewa nyepesi, kwa hiyo sehemu ya upungufu huo hufidiwa. Zaidi ya hayo, kama kosa lingekuwa la hewa, miti ya dunia nzima ingekoma kwenye kimo kinachokaribiana, kwa kuwa hewa hupungua kwa kiasi kilekile, au karibu yake, popote unapopanda. Sivyo ilivyo. Katika milima ya Alps miti hukoma kwenye mita 2,000 na kitu. Tibet kuna mitarakwa inayosimama kwenye mita 4,900, na juu ya mlima Sajama nchini Bolivia miti midogo ya jamii ya Polylepis imepanda hadi karibu mita 5,200, juu kabisa kuliko kituo cha Kibo ambako wapandaji wa Kilimanjaro hupumzika kabla ya kukiendea kilele. Ukielekea kaskazini mwa Norwei, mpaka huohuo hushuka hadi mita mia chache, na mwishowe hufika pwani. Kinacholingana katika sehemu hizi zote ni joto. Christian Körner wa Chuo Kikuu cha Basel na wenzake walikusanya vipimo vya joto kutoka milima ya mabara mbalimbali, wakakuta kwamba mpaka wa juu wa miti hufuata mstari ambao wastani wa joto la msimu wa kukua ni nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Pakiwa na baridi kuzidi hapo, mti hausimami ukawa mti.

Upepo na udongo vina nafasi yao, ila ni nafasi ya mtaa wala si ya mlima mzima: vinaeleza kwa nini miti imekoma mapema kwenye ukingo huu na kuendelea kwenye bonde lile la pili.

Sasa tuje kwa nyasi za binti yetu. Mti mrefu umesimama katikati ya hewa inayotembea, na matawi yake, hata jua likiwaka, huwa na joto linalokaribiana sana na la hewa hiyo. Shungi la nyasi au kichaka kilicholala chini hujitengenezea hali yake ya hewa: upepo haupiti ndani yake kwa urahisi, jua likilipiga hulipasha, ardhi nayo iliyo wazi hupata joto na kulitunza. Ukitia kipimajoto ndani ya shungi hilo saa sita mchana, kitasoma nyuzi kadhaa zaidi ya hewa iliyo juu yake. Mti, kwa upande wake, hujidhuru kwa kivuli chake mwenyewe, kwa sababu majani yake hulizuia jua lisiifikie ardhi na mizizi ikabaki kwenye udongo wa baridi. Kwa hiyo nyasi na mti vilivyoota mita moja baina yao haviishi katika hali moja ya hewa, na hilo ndilo jibu la swali lake.

Lipo swali ambalo hakuliuliza, nalo kwangu ndilo tamu zaidi: baridi inauzuia mti kwa njia gani? Wengi hudhani kwamba mti wa juu hufa njaa, kwamba majani yake hayawezi kutengeneza chakula. Vipimo vinasema kinyume chake. Usanisinuru huendelea hata joto linapokaribia sifuri, na miti iliyo kwenye mpaka wa juu hukutwa na sukari na wanga wa kutosha katika shina na mizizi, mara nyingi zaidi ya wenzao wa chini. Kinachokwama ni ujenzi. Seli za mti zikipata joto la chini ya nyuzi 5 hivi, kugawanyika kwake na kukomaa kwake kuwa mbao karibu kusimame. Mti wa huko ni kama fundi mwenye matofali tele uani ambaye saruji yake haishiki kwa baridi: vifaa vipo, nyumba haipandi.

Kilimanjaro ina mambo yake zaidi ya hayo. Katika nchi za mbali na ikweta mti wa mlimani hulala majira yote ya baridi, halafu hupata miezi michache ya kiangazi, yaani majira ya joto ya huko, ya kufanya kazi. Karibu na ikweta hakuna majira ya namna hiyo. Joto la Januari na la Julai hutofautiana kidogo tu, lakini mchana na usiku hutofautiana mno, na juu ya mita 4,000 sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, huweza kuanguka usiku wowote wa mwaka. Mmea wa huko hauna miezi ya kujificha. Wanafunzi wako bila shaka waliiona mimea mirefu yenye shina nene na kichwa kimoja au vichache vya majani makubwa, iliyosimama kando ya vijito karibu na Horombo. Hiyo ni Dendrosenecio kilimanjari. Majani yake yaliyokufa hayaanguki, bali hubaki yamelizunguka shina na kulikinga na baridi. Majani mabichi hujifunga usiku kukilinda kichipukizi. Na ndani ya shina yamo maji ambayo hayakuganda, ili asubuhi jua linapochoma majani huku udongo ukiwa bado umeganda, mmea uwe na cha kunywa.

Mvua nayo isisahauliwe, kwa sababu vitabu vya shule huchora mlima kana kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mvua inavyozidi. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro mvua huongezeka hadi kwenye kimo cha mita 2,200 hivi, ambapo hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kisha hupungua upesi. Mti wa Erica, mmoja wa ile miti mifupi yenye ndevu waliyoiona wanafunzi wako, ukiwa kwenye mita 3,800 kwa hiyo una shida mbili, baridi na ukame, na katika mteremko wa kaskazini, ambao ni mkavu, msitu wa mikulo na mipodo huachia nafasi msitu wa mitarakwa inayostahimili kiu.

Shikamoo Bwana Misitu. Nasoma kidato cha tatu, Lindi. Nilisikia redioni kwamba mti mrefu kuliko yote Afrika uko Kilimanjaro. Kama milima hudumaza miti, inakuwaje?

Marahaba, mwanangu. Ulisikia sawasawa. Mwaka 2016 watafiti waliokuwa na Andreas Hemp walitangaza kwamba mti wa aina ya Entandrophragma excelsum, ulio katika bonde lililojitenga mlimani humo, una urefu wa mita 81.5, na hakuna mti wa asili wa Afrika uliokuwa umepimwa ukaupita. Lakini haupo kwenye nyika za juu. Upo chini sana ya eneo la sakitu, mahali ambapo joto halijawa haba, mvua ni tele, udongo wa volkano una rutuba, na bonde linaukinga na upepo. Mlima wenyewe haudumazi wala haurefushi. Kila ngazi yake ina kinachokosekana, na kwa ngazi ile kinachokosekana ni kidogo sana.

Bwana Misitu, mimi ni mchongaji wa vinyago hapa Mtwara, umri wangu umeshapita miaka 70. Nimeshika mpingo na mninga maisha yangu yote. Mgeni mmoja aliyekuja kununua vinyago alinionyesha pete zilizo ndani ya kipande cha mninga, akasema pete nyembamba ni mwaka wa ukame. Kisha akaniambia kwamba huko Marekani wanayo miti ya milimani ambayo pete zake zinaonyesha miaka ya joto na ya baridi. Nikamuuliza: pete ni pete, itasemaje mvua huku na joto kule? Akacheka tu. Nijibu wewe.

Mzee wangu, shikamoo. Mgeni wako alisema kweli mara mbili, ila alikudhulumu kwa kukuachia cheko badala ya maelezo.

Chini ya gome kuna utando mwembamba unaoitwa kambiamu, na huo ndio unaozaa mbao, tabaka juu ya tabaka. Msimu ukiwa mzuri huzaa seli kubwa na nyingi. Msimu ukifika mwisho huzaa ndogo zenye kuta nene, kisha hupumzika. Mpaka kati ya mapumziko na mwanzo mpya ndio unaouona wewe kama mstari. Upana wa pete hutokana na kile kilichokuwa haba kuliko vyote katika msimu ule. Hapa kwetu, kuanzia Desemba hadi Aprili, joto ni la kutosha na kuzidi. Mninga haujui kabisa maana ya kukosa joto. Unachoweza kukosa ni maji. Mvua ikichelewa au ikikatika Februari, pete inakuwa nyembamba, na mwaka ule joto lilikuwa nyuzi ngapi ni habari ambayo mti hauihifadhi, kwa sababu haikuwa na uzito kwake. Ukiuchukua mti mwingine ukausimamisha karibu kabisa na mpaka wa juu wa mlima wenye theluji inayoyeyuka, mambo yanageuka: maji si shida kubwa, shida ni siku zenye joto la kutosha kujengea mbao. Huko pete nene ni kiangazi cha joto, na pete nyembamba ni kiangazi cha baridi.

Miti aliyoitaja ni ya jamii ya misindano, inayoota kwenye White Mountains huko California juu ya mita 3,000, mahali pakavu, penye upepo na udongo dhaifu. Mmoja wao, alioupima Edmund Schulman mwaka 1957, una umri unaozidi miaka 4,800 na umepewa jina la Methuselah. Hukua polepole kiasi kwamba pete nyingi zinahitaji darubini, na kwa kuunganisha pete za miti hai na za magogo yaliyokufa zamani bila kuoza, watafiti wamepata mfululizo wa miaka inayozidi 8,000. Aliyeanzisha elimu hii kwa utaratibu, Andrew Ellicott Douglass, alikuwa mtaalamu wa nyota. Alikuwa anatafuta dalili za mabadiliko ya jua ndani ya misindano ya Arizona, akakuta kumbukumbu ya mvua, na mwaka 1937 ikaanzishwa huko maabara ya kwanza ya kuchunguza pete za miti. Misindano yake ilikuwa ya nyanda kavu, hivyo ilimpa mvua.

Sasa tazama ushahidi huu, ambao naona ndio unaolimaliza swali lako. Mwaka 2009 Matthew Salzer na wenzake walichapisha vipimo vya misindano hiyo ya kale kutoka sehemu tatu za magharibi mwa Marekani. Walikuta kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 20 miti iliyo karibu na mpaka wa juu ilikua kwa upana ambao haukupata kuonekana katika kipindi chochote cha miaka 50 ndani ya miaka 3,700 iliyopita, na walilihusisha jambo hilo hasa na kuongezeka kwa joto. Lakini ukuaji huo ulionekana tu katika ukanda wa mita 150 hivi kutoka kwenye mpaka. Chini ya hapo, kwenye mlima uleule na kwa miti ya aina ileile, pete hazikupanuka hivyo, kwa sababu kule miti inahesabu matone ya mvua. Mwanafunzi mzembe akizichanganya sampuli za juu na za chini katika furushi moja, atapata jibu lisilo la joto wala la mvua, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ugomvi uliowahi kuzuka juu ya pete za miti inatokana na watu kusahau kuuliza mti ulikuwa umesimama wapi.

Miti hiyo ya juu huhifadhi hata baridi ya ghafla. Sakitu ikianguka katikati ya msimu wa kukua, seli changa hupondeka, na alama yake hubaki ndani ya pete ya mwaka ule. Volkano ya Krakatau, kule Indonesia, ililipuka mwaka 1883 na vumbi lake likafunika sehemu kubwa ya anga ya dunia. Katika misindano ya kale pete yenye alama ya sakitu ni ya mwaka 1884.

Usidhani, mzee wangu, kwamba miti ya kwetu haina thamani katika elimu hii. Kwa jambo moja inaishinda miti ya Kilimanjaro. Mlimani kule hakuna majira ya baridi ya kuusimamisha mti mara moja kwa mwaka, na mvua ni za misimu miwili, masika na vuli, kwa hiyo pete za miti mingi hazieleweki vizuri au huwa mbili kwa mwaka. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu ambacho mninga huangusha majani yote, na hapo mstari huwa wa kila mwaka. Kwa kutumia mninga uleule unaouchonga wewe, watafiti walijenga upya historia ya mvua ya magharibi mwa Zimbabwe kuanzia mwaka 1796 hadi 1996. Mpingo ni mgumu zaidi kusomeka. Weusi wa kiini chake unaficha karibu kila kitu, na wewe unalijua hilo kuliko mimi.

Bwana Misitu, mimi ni mama wa Nachingwea na mwanangu ni mpagazi Kilimanjaro. Anasema barafu inaisha na siku hizi kuna joto. Kama baridi ndiyo inayozuia miti, basi joto hili si litapandisha msitu hadi kileleni? Kwa nini basi watu wanalalamika?

Mama, hoja yako ina mantiki, na kwingineko imeonekana kuwa kweli kwa kiasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulikusanya taarifa za maeneo 166 duniani ambako mpaka wa juu wa miti ulikuwa umefuatiliwa kwa miaka mingi. Katika asilimia 52 ya maeneo hayo miti ilikuwa imepanda, na ni asilimia 1 tu iliyokuwa imeshuka. Yaliyobaki, ambayo si machache, hayakusogea, ijapokuwa joto lilikuwa limepanda. Mti mkubwa unaweza kunenepa kwa joto lililoongezeka pale uliposimama, lakini ili msitu usogee juu ni lazima mbegu ifike, iote, na mche uvumilie sakitu, ukame, mifugo na upepo kwa miaka mingi kabla ya kuitwa mti. Hiyo ni kazi ya vizazi vya watu.

Kileleni napo ni mbali kuliko tunavyodhani. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Hata hali ya hewa ikiongezeka nyuzi 3 nzima, mpaka wa miti kwa hesabu ya karatasini ungepanda mita 500, ilhali kutoka mita 4,000 hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kuna karibu mita 1,900. Wastani wa joto kileleni ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Wapo pia wanaosema kwamba kabonidayoksaidi inayoongezeka angani itailisha miti ya milimani. Huko Stillberg, Uswisi, kwenye kimo cha mita 2,180, miti iliyo karibu na mpaka ilipewa gesi hiyo ya ziada kwa miaka tisa kuanzia 2001: aina moja iliongeza ukuaji, ya pili, ambayo ni msindano, haikuongeza. Ukikumbuka yale niliyomwambia mwalimu wa Masasi, kwamba mti wa juu haukosi chakula, matokeo hayo hayashangazi sana.

Kilimanjaro yenyewe, mama, imekwenda kinyume cha matarajio yako. Hemp, yule niliyemtaja, amelinganisha picha za setilaiti na vipimo vya ardhini kuanzia mwaka 1976, na ameonyesha kwamba msitu wa Erica, ule wa juu kabisa, umeteketea kwa sehemu kubwa na mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mita mia kadhaa. Kilichoushusha ni moto. Moto wenyewe huwashwa na watu, wakiwamo warina asali na majangili, lakini ukavu wa hali ya hewa ndio unaoufanya uenee na ule mpaka kwenye miti ambayo zamani ilikuwa na unyevu wa kuuzima. Mwanao ataikumbuka Oktoba ya 2020, wakati moto ulipowaka kwa siku nyingi na kuonekana kutoka Moshi mjini, na Oktoba ya 2022 ukawaka tena. Mti wa Erica wenye mafuta kwenye majani hushika moto haraka. Ukiungua mara moja huchipua kutoka chini, ukiungua mara kwa mara hubaki kichaka na hatimaye nyasi.

Hasara haiishii kwenye kuni. Yale mandevu yanayoning'inia kwenye miti ya juu, pamoja na majani membamba ya Erica, huchuja ukungu unaopita na kuudondosha kama maji, hata siku isiyo na mvua. Msitu ukigeuka kichaka kifupi, ukungu unapita zake. Watu huhuzunika kwa barafu kwa sababu inaonekana kutoka mbali na kupigwa picha, nami siwalaumu, lakini chemchemi na mito ya Kilimanjaro hulishwa na msitu kwa kiasi kikubwa mno kuliko barafu. Nikiambiwa nichague kimoja cha kukilalamikia, nitaulalamikia ule ukanda wa miti mifupi ambao wageni huupita wakiwa na haraka ya kwenda juu.

Bwana Misitu, nina shamba Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ambako ni juu na usiku wa Juni na Julai kuna baridi. Ndugu yangu aliyeko Mufindi anataka kuniletea miche ya misindano. Anasema kwa sababu sote tuko juu, itastawi. Je, nipande?

Usipande kabla ya kuuliza ni msindano gani. Mashamba makubwa ya Mufindi, likiwamo la Sao Hill, yako kwenye kimo cha kati ya mita 1,400 na 2,000, na msindano uliozoeleka zaidi huko ni Pinus patula, ambao asili yake ni milima ya Meksiko. Umezoea usiku wa baridi, ukungu, na udongo usiokauka kabisa wakati wa kiangazi. Uwanda wa Makonde upande wa Newala umepita mita 600, na ule wa Rondo kule Lindi unafika zaidi ya mita 800 kwenye sehemu zake za juu. Kwa hesabu ya nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, Rondo ina baridi kuliko Lindi mjini kwa nyuzi 5 hivi, na Newala kuliko Mtwara mjini kwa nyuzi 4. Tofauti hiyo inatosha kukufanya utafute shuka zito mwezi wa Julai, lakini mti hauihisi kama kizuizi. Hakuna sakitu, hakuna mwezi hata mmoja ambao kambiamu inasimama kwa sababu ya baridi. Kuinuka kwa uwanda kunasaidia kwa njia nyingine: upepo unaotoka baharini hupanda, hupoa na kuacha mvua na ukungu kwenye kingo zake, na hiyo ni mojawapo ya sababu za Rondo kuwa na misitu ya mivule ambayo huioni chini yake.

Shida yako wewe ni maji. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa mchanga, unapitisha mvua kwenda chini sana, na ndiyo maana bibi zetu waliteremka mabondeni kuchota. Patula ataanza vizuri wakati wa mvua, halafu kiangazi cha miezi sita kitamchosha, na mti uliochoka hushambuliwa na wadudu. Kama moyo wako uko kwenye misindano, uliza Pinus caribaea, ambayo asili yake ni nyanda za chini zenye joto na inavumilia msimu mkavu. Mitiki inastahimili kiangazi pia, lakini inataka udongo wenye kina na rutuba, kwa hiyo ipande sehemu ya shamba iliyo bondeni wala si mgongoni. Mninga na mvule vitakuchelewesha, ila havitakudai maji ambayo huna.

Mbegu inunuliwe kwa Wakala wa Huduma za Misitu au kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha ilikotoka, kwa maana mbegu ya mti uleule iliyochumwa kwenye kimo cha mita 1,800 na iliyochumwa kwenye mita 300 zinaweza kuzaa miti yenye tabia tofauti. Miche iwe tayari kitaluni mwezi wa Novemba. Usiipande kwa mvua ya kwanza ya Desemba. Chimba mashimo mapema, subiri udongo ulowane hadi kina cha jembe zima, ndipo upande, ili mizizi ipate miezi yote iliyobaki ya mvua kushuka chini kabla kusi halijaanza kukausha.